Mama Agustina na Soda ya Povu

Mwaka umetimia, Mama yetu Agustina, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotoka kupokea maziwa ya majirani na usirudi tena ndani. Ulianguka getini, hapa hapa Nyarero, ndoo ikiwa mkononi. Mwanao Joel alipokufikia ulikuwa umeshatuacha. Daktari alisema ni moyo.

Wateja wako wa Tarime mjini bado wanayaita maziwa ya Mama Joel, ingawa sasa anayepeleka ni Joel mwenyewe kwa pikipiki. Wanaulizia na ile chupa ndogo uliyokuwa unamwachia kila mama aliyejifungua, bila kumdai kitu. Tunaendelea kuitoa. Ng'ombe uliwasemesha Kikurya, wateja Kiswahili, na mkweo Beryl, mke wa Joel, ulijitahidi kumsalimia kwa Kijaluo mpaka akakuomba, huku akicheka, urudi kwenye Kiswahili.

Beryl huyo huyo ndiye aliyekuletea habari ya soda yenye aiskrimu. Alikuwa bado bibi harusi, ametoka kwao Migori, akakusimulia alivyowahi kuinywa Kisumu. "Huko tunaiita floti, Mama." Ukamwambia hapa kwako itaitwa soda ya povu, na kesho yake ukawa umeshakoroga.

Friji la maziwa lilikuwepo, na maziwa ndiyo yalikuwa kazi yako. Uliyachemsha kwa moto mdogo na sukari mpaka yakawa mazito, ukatia viini vya mayai na vanila, ukayaacha yapoe. Ukayagandisha kwenye kopo, na kila ukipita ukafungua friji na kuyavuruga kwa uma yasiwe barafu tupu. Mchana jua likiwa limewaka mpaka mabati yanalia, uliwapanga wajukuu barazani. Mabonge mawili ya aiskrimu kwenye kila glasi, halafu soda ya machungwa, taratibu, ukiimiminia ubavuni mwa glasi. Povu likipanda, ulipiga kelele kuliko watoto: "Wahini! Wahini povu!" Ikawa desturi. Kila kiangazi, kabla shule hazijafunguliwa, ukoo mzima ulijua Jumapili ya povu iko kwa Mama Joel.

Lililotokea kiangazi chako cha mwisho ndilo linalotuuma. Tabitha wako ndiye linayemuuma zaidi, na ni yeye aliyetaka liandikwe hapa.

Wewe unamjua mwanao. Tangu walipokukuta na kisukari, alibeba ugonjwa wako kama wake. Ni muuguzi, na kule Mugumu anakofanya kazi ameona watu wakikatwa miguu. Kila akija alifungua kabati lako la vyombo kabla hajakaa. Alikuletea unga wa dona, akakupangia matembezi ya jioni, akakupigia simu kuuliza umekula nini. Ulimtii, na ulipomdanganya, ulimdanganya kidogo tu.

Jumapili ile mama yake Beryl, Mama Apiyo, alikuwa amevuka mpaka kuja kwako kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umejiandaa. Ulivaa kitenge kipya, ukafuta glasi mara mbili, ukamhudumia mgeni kabla ya wote. Alipokunywa akafumba macho na kusema, "Mama Joel, hii hata Kisumu hawaijui." Ulifurahi, Mama! Ukajimiminia yako, glasi nusu, ukakaa karibu naye mnywe pamoja.

Tabitha akatoka jikoni akaiona. Hakukuita pembeni. Alikuja mpaka mbele yako, akakutoa glasi mkononi, akasema kwa sauti iliyofika kila kona ya baraza:

"Mama, unataka tukuzike? Mtu mzima hata kujizuia huwezi?"

Watoto wakashusha glasi zao. Mama Apiyo akaangalia chini. Brayan, mjukuu wako mdogo, akauliza, "Bibi amekosa nini?"

Ulisema tu, "Haya, muuguzi." Ukainuka, ukaanza kukusanya glasi ambazo watu walikuwa bado hawajamaliza.

Tabitha aliondoka jioni ile kurudi Mugumu, na njia nzima alijiambia kwamba amefanya sawa. Usiku ndipo uso wako ulipoanza kumrudia. Alikupigia, akauliza sukari yako. "Iko vizuri, mwanangu." Akapiga tena wiki iliyofuata, akauliza sukari. Neno lenyewe alilotaka kusema aliliahirisha, akaona ni la kusemwa ana kwa ana. Angekuja mwisho wa mwezi, akishapata likizo yake. Simu ya Joel ilimkuta akiwa amevaa sare, anaingia kazini.

Kwenye msiba alifanya kila kitu. Alipika, alipokea wageni, alilaza watoto. Hakulia. Watu walimsifu kwamba ana moyo, na sisi tuliokuwa tunamjua tukaogopa.

Kiangazi hiki baba yetu, Mzee Heche, alisema Jumapili ya povu ipo. Tabitha alikuja, lakini alipofika akasema kichwa kinamuuma na hataki hata harufu ya vanila. Beryl akakoroga peke yake. Aiskrimu ikatoka na chembechembe za barafu, watoto wakainywa kwa adabu, bila makelele. Baba akaondoka barazani na kumfuata Tabitha zizini, alikokuwa amesimama akijifanya anaangalia ndama.

"Baba, shikamoo," akasema, kama vile hawakuwa wameonana asubuhi.

"Marahaba. Tabitha, sema."

"Niambie ukweli. Siku ile, nilipoondoka, Mama alisema nini?"

Baba hakumzungusha. Unamjua mumeo, hana maneno ya kupamba.

"Aliumia," akasema. "Sitakudanganya. Alilia kule chumbani. Akaniambia, 'Heche, kufa siogopi sana. Ila leo nimefanywa mgonjwa mbele ya wajukuu wangu na mbele ya mgeni.'"

Tabitha akashika ubao wa zizi.

"Nikamwambia nitakupigia nikuonye," Baba akaendelea. "Akakataa. Akasema, 'Muache. Mtoto mwenyewe ana hofu, ananipenda kwa hofu. Akija nitamwambia mimi.' Alikuwa anakusubiri, mwanangu. Na wewe ulikuwa unakuja. Ndivyo ilivyokuwa."

Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka Beryl akaja mbio kutoka jikoni, akamkumbatia pale pale kwenye samadi. Kwamba ulimwelewa, Mama, amelishika. Kwamba uliumia, hilo pia amelishika, na hataki tumwondolee. Sisi wengine nasi tulikuwa barazani siku ile. Tuliona, na hakuna aliyefungua mdomo.

Amerudi kazini. Juzi alitusimulia kwamba kliniki yao ya kisukari alikuwa anaiendesha kwa sauti kubwa, anamuuliza mgonjwa mbele ya foleni nzima amekula nini. Siku hizi huwaingiza mmoja mmoja na kufunga mlango. Wiki iliyopita aliingia mama mmoja kutoka Kisaka, sukari imepanda, ameinamisha kichwa anangoja kugombezwa. Tabitha akasogeza kiti chake karibu.

"Mama, ilikuwaje?"

"Nilikunywa soda, mwanangu. Binti yangu wa mwisho alikuwa anaolewa."

"Ilikuwa tamu?"

Yule mama akainua uso, akamtazama kuona kama anadhihakiwa. Halafu akacheka. "Tamu sana."

"Basi hongera kwa harusi," Tabitha akamwambia. "Sasa tuangalie tutafanyaje na siku zilizobaki."

Unakumbukwa na mumeo Mzee Heche, wanao Tabitha na Joel, mkweo Beryl, Mama Apiyo wa Migori, mjukuu wako Brayan na wenzake wote, majirani wa Nyarero na wateja wako wa Tarime mjini. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi, na baadaye tutakuwa nyumbani kwako, barazani. Anayetaka kuja aje.

Pumzika, Mama Agustina. Kukusahau hatuwezi, wala hatutajaribu.