Mezani Kwangu Aliketi Mwingine

Bukavu

Yaya wangu Feza, wa tumbo moja,

Pokea salamu za mikono miwili. Mama iko na hali gani? Mugongo wake umepoa tangu kazi ya mupunga? Na huko kwetu Kabambare, pale Lusangi, mvua imewatosha? Sisi hapa tuko wazima wa mwili, ila baridi inatuuma. Wa moyo, Yaya, siko muzima. Soma barua hii kwanza peke yako, kisha uchague utakayomusomea Mama.

Unamujua Filipo, bwana wangu. Ndiye aliyenifungua macho hapa mujini. Kwenye duka la wazungu, sisi weusi tunanunulia dirishani, upande wa nyuma, hata mvua ikinyesha. Wao wanaingia mulangoni. Mimi niliona ni desturi tu. Filipo akaniambia, "Mwamini, hii siyo desturi. Ni matusi." Siku moja muzungu wa ofisini kwake, kijana tu, alimuita mushenzi mbele ya makarani wote. Filipo alirudi nyumbani, hakula. Nilikaa karibu naye, tukalia wote wawili.

Ndipo akaomba ile karte ambayo serikali inawapa weusi wachache, wale inaowahesabu kuwa wamestaarabika, wapate kupita wanapopita wazungu. Lakini kwanza wazungu wanakuja nyumbani kwako. Wanafunua sufuria, wanaangalia choo, wanataka kuona kama bibi anakula mezani na bwana wake. Nilijifunza kisu na uma kwa kukatakata ndizi za kuchemsha. Nilishona mapazia. Bonjuru, salamu yao, niliirudia hata ulimi ukachoka.

Asubuhi ya siku ile, Filipo aliingia na Ortansi, mudogo wa karani mwenzake, musichana aliyesoma kwa masista, mwenye viatu vya kisigino.

"Leo Ortansi atakaa mezani," akasema. "Wewe utaleta chakula."

"Atakaa kama nani?"

Akaangalia chini. "Kifaransa hujui, Mwamini. Na hizo chale za mashavuni... Ni leo tu. Ni kwa faida yetu sote."

Chale hizi, Yaya, ambazo Shangazi alituchanja mimi na wewe, kila mumoja akimushika mwenzake mukono.

Wakaja wazungu wawili na madamu mumoja. Nikaleta kuku na wali. Madamu alionja, akafurahi, akauliza kwa Kiswahili chao kile cha kuamuru: "Mupishi huyu iko wa wapi?"

"Wa Kabambare, madamu," Filipo akajibu. "Bado ni mushenzi kidogo, lakini anajifunza."

Neno lile lile! Nikamuongeza madamu wali.

Kisha madamu akamugeukia mutoto wetu Tabu, aliyevalishwa soksi nyeupe. "Na mama yako ni nani?" Mutoto akamuangalia baba yake. Filipo akamugusa bega. Tabu akanyoosha kidole kwa Ortansi.

Karte ikatoka. Filipo akamurusha mutoto juu kwa furaha, na mimi akaniletea kitenge. Nikamuambia, "Sasa Ortansi abaki kwao." Akasema madamu amewaalika chai siku ya Mungu, baada ya misa, na atashangaa akiona bibi mwingine. Wakaenda watatu, bwana wangu, mutoto wangu na yule musichana. Wameenda tena mara nyingi. Majirani wananihurumia, na wengine wanacheka.

Nikamuuliza, "Filipo, wazungu walikufanyia nini ambacho wewe hujanifanyia?"

"Mambo haya huyaelewi," akafoka.

Ninayaelewa, Yaya. Mwalimu wangu alikuwa yeye. Sikujua tu kwamba alichochukia ni kutukanwa yeye, siyo matusi yenyewe.

Hata hivyo ningevumilia. Lakini juzi, sokoni, Tabu alinivuta nguo, akaninong'oneza, "Hapa naweza kukuita Mama?"

Nikatua kikapu. "Ita."

Akaita kidogo.

"Ita kwa nguvu."

Akaita hata wauza samaki wakageuka, na kila alipoita nikaitika, machozi yakinitoka mbele ya watu.

Nimeongea na dereva wa kamio, lori linaloshuka upande wa Kasongo, atulete huko kwetu, mimi na Tabu. Filipo nilimuambia usoni, muchana kweupe. Hakunizuia. Aliuliza nani atamupikia. Juu ya mutoto akaanza kupandisha sauti, nikamujibu kwamba maneno hayo atakuja kuyasema huko, mbele ya Baba.

Basi tutazamieni. Nisalimie Mama na Baba. Nisalimie Baba Mudogo anayefundisha katekisimu, na shemeji yangu, bwana wako, anayehangaika na pamba ya serikali. Bibi yetu mukongwe umushike miguu kwa niaba yangu. Mungu atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi mudogo wako,
Mwamini, mama ya Tabu