Ng'ombe Aliyekwama Ukutani

Shoga, leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka moto.

Unalijua lile gemu la shamba analolitaka binamu kwa duka lake la kuchezea gemu? Bado linatengenezwa, lakini linauzwa hivyohivyo, na kesho bei inapanda. Leo ni bure kujaribu, basi akanikalisha nicheze, nimwambie kama linafaa.

Nikavaa visikizi, nikasahau kwamba vina maiki.

Mimi huyu, ninayeshindwa hata kuitikia salamu za wateja, nikaanza kulalamika peke yangu. "Daraja limeishia katikati ya mto. Ng'ombe wangu amezama ukutani. Nani atoe pesa kwa kitu kibichi hivi?"

Mara sauti ya mwanamume ikanijibu kwenye visikizi. "Dada, daraja tunalimalizia. Na ng'ombe nitamtoa."

Ndiye fundi wa gemu, shoga. Ndiye mwenyewe. Na wachezaji wote waliokuwa mtandaoni wamenisikia, wanacheka tu.

Nikajificha chini ya meza. Binamu akainama kunichungulia. "Haya, mama mifugo, ninunue nisinunue?"

Nikamwambia anunue leo leo. Gemu ni bovu, sikatai, lakini ng'ombe wangu yumo ukutani. Nitamwachaje?