Kaka, Njoo Mikono Mitupu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi popote lori lilipokufikisha. Mgongo unasemaje? Sisi tunapumua, na siku hizi humu ndani hilo si jambo dogo.

Najua unangoja habari za dada. Unakumbuka tulivyomsakama aache kutengeneza magodoro? Kila kifua kilipombana, sote tulisema ni sufi hiyo. Tukatoa magunia nje, tukafagia mpaka darini, kazi aliyoipenda tukamnyang'anya. Akahamia kwenye cherehani, amenuna kama mtoto aliyezuiwa kutoka nje kucheza. Kumbe tulikuwa tunaionea sufi bure.

Mgongo aliotoka nao kwenye magodoro cherehani ikauzidisha, akazidi kumeza vile vidonge vya maumivu unavyotuletea kila ukipita. Mwezi uliopita alimeza baada ya chakula cha mchana. Hata vyombo sijaondoa, kifua kikaanza kutoa mluzi, midomo ikabadilika rangi. Nilibaki nimemshika mikono tu, kaka. Sikuwa na la kufanya! Jirani mwenye teksi ndiye aliyetukimbiza hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, akauliza kama pumu humbana zaidi akishika sufi au akimeza dawa. Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuwaza hilo. Nikamwambia dawa hiyo kaka yetu anaibugia kama karanga na hajawahi hata kukohoa. Akasema ndivyo ilivyo: dawa moja, tumbo moja, lakini huenda mmoja amerithi kitu mwilini na mwingine hakurithi, na wanaoonekana kuumia zaidi ni wanawake. Nikataka anitajie nani kati yetu anacho. Akasema hana kipimo cha kumwambia mtu kwa uhakika, bado wanachunguza. Huenda hivi, huenda vile, mpaka nikazichoka huenda zake. Alipouliza habari za mama, dada aliinamisha kichwa. Mama naye alikwenda kwa pumu, na unajua jinsi dawa za kichwa zilivyokuwa haziishi kwenye mkoba wake.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika. Nimeombwa nisikwambie, lakini nitawezaje? Ni binti yako. Tangu avunje ungo, tumbo la mwezi linamkunja vibaya. Daktari alitupa dawa nyingine nyepesi, haimtoshi. Juzi maumivu yalipomzidi akafungua droo mwenyewe, akameza kidonge chako kimoja. Nikasikia mluzi uleule. Ulikuwa mdogo, ukapita. Nikampeleka kwa daktari yuleyule, akasema asiviguse tena: huenda karithi. Na kama karithi, kaka, kimepitia kwako kimyakimya, wewe mwenyewe bila hata kikohozi.

Vidonge vyote nimevitupa. Sasa tumbo likimshika namkanda kwa maji ya moto, shangazi yake mkubwa anamshika kichwa, halafu tunakaa kusikiliza kifua. Hatuna kingine.

Nilimuuliza binti kwa nini hataki ujue. Alilia, akasema tangu mama yake atutoke hujawahi kupita hapa ila kwa kuleta dawa za shangazi. Ukijua zinadhuru utaacha kuzileta, na ukiacha kuzileta hutakuwa na sababu ya kupita. Ndipo nikachukua kalamu.

Pita, kaka. Usilete kitu.

Dada anakusalimu kwa pumzi aliyonayo. Binti hajui kama nimeandika.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu