Nilichomoa Hesabu ya Koku

Jumanne, Nshambya. Mvua tangu asubuhi, na nina hasira ambayo sijui nimpe nani.

Leo nimemharibia mwanangu kazi ya siku sita.

Koku, binti yangu, anamalizia shahada ya pili ya fizikia. Kompyuta yake kubwa iko hapa sebuleni, na tangu Jumatano iliyopita ilikuwa inapiga hesabu moja tu, bila kupumzika. Mimi niliishia darasa la saba, lakini alinieleza nikaelewa kidogo. Kuna fuwele, yaani punje kama za chumvi, ila hizi zimetokana na vitu vya kaboni. Ukiziwekea umeme, molekuli za ndani zinageuka zote upande mmoja, kama watu kanisani bibi harusi anapoingia. Ukiuondoa umeme, zinabaki zimegeuka vilevile. Yeye anatafuta ni umeme wa nguvu kiasi gani unaozigeuza. Fuwele yenyewe hana. Kompyuta ndiyo inaigiza, ikiongeza umeme kidogo kidogo. Ijumaa mwalimu wake anataka majibu. Bila hayo, hahitimu mwaka huu.

Saa tano hivi Koku alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anakata ndizi za mchana. Radi ikalia, moja, nzito, madirisha yakatetemeka. Kwetu Muleba radi iliua ng'ombe wawili wa baba, na tulifundishwa: ikilia, funika kioo, chomoa kila kitu ukutani. Nikafunika kioo. Nikachomoa redio. Nikachomoa friji. Nikachomoa na ile.

Nikajiona nimeiokoa!

Koku akaingia amelowa, akatazama skrini imekuwa nyeusi. "Mama, umechomoa?"

"Mwana wange, radi ingeiunguza."

Akakaa chini na kisu chake mkononi. Kumbe kompyuta huwa inajitunzia pale ilipofika, lakini diski ilijaa, naye akaizuia isitunze. "Kosa ni langu, Mama," akasema. Heri angenigombeza. Na radi yenyewe ikaenda kuunguruma huko kisiwani Bumbire, hapa kwetu haikugusa hata jani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mpaka sasa sijui kama nilikosea. Ingepiga kweli, si angepoteza hesabu na kompyuta yote?

Ameanza upya, kwa fuwele ndogo, yenye molekuli chache. Anasema hesabu isipokatika itamaliza Ijumaa alfajiri. Mwalimu akiikataa kwa udogo wake, basi tena. Nimemuuliza nimsaidie nini. Amecheka kidogo, cheko la kuchoka. "Usiguse plagi, Mama. Wewe niite tu."

Nimeahidi. Lakini mawingu yanarudi kutoka ziwani, na mikono yangu naijua.

Ee Mungu, ikilia tena, nitaweza kuita kwanza?