Mlango wa Uani kwa Bwana Sudi

Pongwe, Tanga
Ijumaa

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Mimi mwilini sina neno. Umeniuliza kwa nini sikuja kumzika mama, na kama nitafika arobaini. Habari ya msiba ilinifikia siku ya nne, ameshalazwa kaburini. Ya arobaini nakueleza, usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Tangu serikali ilipofungulia watu biashara, Bwana Sudi, tajiri wangu, analeta magari kutoka Arabuni, na mengi yana ving'ora. Mimi ndiye fundi wake. Gari likilala na kuamka betri imekufa, naunga mita ya kupimia umeme kati ya betri na waya wake, nachomoa fyuzi moja moja. Ile nikiitoa mshale ukashuka, hapo ndipo umeme unapovuja. Kila nikishika betri namkumbuka mama akianika zile za redio juani, juu ya ungo, miaka ile madukani hamna kitu.

Sasa amefunga king'ora nyumbani kwake pia, akanipa chumba cha uani. Kikaanza kulia kila alfajiri. Nilipoomba ruhusa ya msiba akasema, "Fundi, wewe unajua nyumba yangu inavyofungwa. Uondoke kikiwa kibovu, niibiwe, polisi nitamtaja nani? Kinyamazishe, halafu nenda kwenu hata mwezi." Geti lina kufuli na ufunguo anao yeye.

Nimepima siku kumi na mbili. Betri nzima. Waya wa kila mlango, mlango ukifungwa mshale unaruka mpaka sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi. Ukifunguliwa hautikisiki, ndivyo inavyotakiwa. Nikasugua kutu kwenye viungo, nikakunja waya kutafuta palipokatikia ndani. Kesho yake kikalia. Bwana Sudi akasema mbele za watu, "Mpemba, hiyo mita ulikuja nayo kupimia karafuu?" Wakacheka, nami nikacheka.

Jumapili nikaacha mita. Nilikaa kizingitini kwangu kabla ya adhana. Mlango wa uani ukafunguka, akatoka mama yake Bwana Sudi, mtu mzima wa Maramba, ana birika mkononi. King'ora kikalia. Akarudi ndani haraka na mlango ukafungwa.

Mchana alinifuata. "Mwanangu, ni mimi. Siwezi kutia udhu kwenye chumba chenye choo. Tangu utoto natawadha nje."

"Mwambie mwanao, mama."

"Nilimwambia, akasema nizoee. Akijua ni mimi atautia mlango kufuli. Humu ndani hata jogoo simsikii."

Dada, neno moja tu, na ningekuwa botini. Nilikwenda mpaka barazani, nikamwamkia Bwana Sudi, nikashindwa kulisema. Swichi ya kificho ya kukizimia ningemwekea mama yule, lakini kitu kipya ukutani mwanawe angekiuliza. Nikaunganisha tu nyaya mbili za mlango ule, king'ora kikadhani umefungwa daima.

Kimekaa kimya. Juzi Bwana Sudi alinifungulia geti mwenyewe. "Haya, nenda kwenu." Nikamwambia nataka kukiangalia kidogo zaidi. Amenishangaa, na nadhani ananitilia shaka. Lakini mlango ule sasa hauna mlinzi ila mimi. Mwizi akipita hapo, mama yule ndiye atakayekutana naye kwanza, na jina la kutajwa ni langu. Nikiurudisha waya kama ulivyokuwa, kitalia tena, na yeye atafungiwa ndani. Nimezunguka humo kichwani siku mbili, sioni pa kutokea.

Leo alfajiri mama yule aliniuliza mama yetu aliitwa nani. Nikamwambia. Akatawadha, akatandika mkeka pale pale uani, na kwenye dua nikamsikia akimtaja, jina lake na la babake.

Kwa hiyo hitima ya arobaini isomeni siku yake, msinisubiri.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo wa shambani, na watoto mmoja mmoja. Na yule jirani aliyemwosha mama, mshike mkono kwa niaba yangu. Usimwahidi siku ya kuja kwangu. Mwambie nimeuliza kama maji ya kumwoshea yalikuwa ya uvuguvugu.

Ni mimi mdogo wako,
Khamis