Vidole vya Mama Yako

Mume wangu mpenzi,

Mwanao ameota jino, sasa ananing'ata kama vile nimemkosea.

Ile bima mpya ya matibabu inataka alama za vidole. Mama yako amefua nguo za watu mpaka vidole vimelainika kama sabuni, mashine ikamkataa. Karani akasema, "Bibi, mfumo unasema hupo."

Mama akamjibu, "Sasa mjukuu wangu, huyu anayekukoholea ni nani?" Foleni nzima ikacheka.

Lakini bila kadi hapewi dawa za presha, na zilizobaki hazimalizi wiki. Tumeambiwa tusubiri kuitwa. Hatusubiri! Kesho tunakwenda na mkeka, uji na mtoto, tukae mlangoni mpaka wamwandike. Wewe usiache kazi huko.

Ni mimi mkeo, mkwe wa mama asiyekuwepo.