Upawa wa Baba Chiriku

Mpendwa Shangazi Peupe,

Naomba msaada, tena unijibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, maana maji yamenifika shingoni na aliyefungua bomba ni mimi mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na cha nyuma tunaishi mimi, mama mkwe wangu na binti yangu wa miaka saba ambaye kwa maneno yake mengi tunamwita Chiriku. Mume wangu alikuwa mwanajeshi, aliuawa vitani Chiriku akiwa bado tumboni, na Shangazi, nilimpenda yule mwanamume, alikuwa mcheshi kiasi kwamba hadi leo nikikumbuka vichekesho vyake najidunga sindano kwa kucheka.

Sasa shida yangu ni hii. Marehemu alikuwa mpishi wa kikosi. Hakufyatua hata risasi moja, alipika maharage, tena aliyaunguza, kama alivyoyaunguza hapa nyumbani kila alipokuja likizo, kwa sababu akishaanza kichekesho jiko analisahau kabisa. Tukiwa msibani jirani mmoja akaniuliza, “Mumeo alikuwa anashika silaha gani?” nami nikaona aibu kusema upawa, nikajibu, “Kubwa.” Neno moja tu, Shangazi! Mwaka uliofuata ile kubwa ikawa mzinga, Chiriku alipoanza kuuliza maswali nikampa babake cheo, naye mwenyewe akamwongezea ndege, na sasa hivi baba anaruka kutoka mawinguni kwa parachuti, anatua katikati ya maadui na kuwafunga kamba wote peke yake. Mama mkwe hasemi kitu, ila hadithi ikianza tu huinuka kwenda jikoni kukoroga sufuria, hata kama ndani mna maji matupu.

Ijumaa hiyo watoto watasimulia habari za wazazi wao mbele ya shule nzima, na Chiriku aliniomba nimshonee parachuti, nami mjinga nikashona, vipande kumi na viwili vya kitambaa cha bitana, pindo safi kabisa, anataka apande juu ya meza ya mwalimu mkuu aruke nalo! Nikiwa bado najisifu na pindo langu, juzi simu ikalia, sauti nzito, “Shemeji, mimi ni Sajenti, nilikuwa na mumeo.” Kumbe siku hiyo hiyo atapita hapa mjini, anataka aje shuleni amwone mtoto, na amemtunzia upawa wa babake miaka yote hii. Halafu akanieleza jambo nisilolijua, kwamba walikwama kwenye mahandaki siku tatu kwenye mvua bila kitu cha moto tumboni, mume wangu akakatazwa asitoke, akatoka, akabeba sufuria akawafikia wote thelathini na mmoja, na alipokuwa anarudi kuwafuatia chai ndipo alipopigwa. “Yalikuwa yameungua, shemeji,” akasema, “tukayala mpaka tukalamba mifuniko.” Akacheka, nami nikalia juu ya sare ya watu. Chiriku akaja mbio, “Mama, nani huyo?” Nikamwambia ni mteja.

Shangazi, nimwombe Sajenti afunge mdomo? Nimzuie mtoto asiende shule siku hiyo? Nikisema kweli, wenzake watamcheka na yeye hataniamini tena maisha yake yote, na nikinyamaza ataumbuka mbele ya shule nzima, na huyu mtoto ndiye niliyebaki naye.

Ni mimi,
Fundi wa Bitana

*

Fundi wa Bitana,

Pole, mwanangu. Pole ya mume kwanza, hiyo nakupa kwa mikono miwili. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hicho kichwa chako ni cha kusukia nywele tu? Watu thelathini na mmoja wana njaa siku tatu, mwanamume anawatolea sufuria huku risasi zinapita, halafu wewe unamwonea aibu, unamshonea parachuti! Mwenye bunduki akishambuliwa ana cha kujibia. Mwenye sufuria ya moto mikono yote miwili imeshikwa. Ungemwacha alivyo, angekuwa shujaa tangu siku ya msiba na wewe ungelala usingizi wako.

Na mama mkwe wako je? Hivi unadhani yule kijana alifundishwa kupika na nani, jirani? Miaka saba anasikia mwanawe akisifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya, na ile aliyoifanya, ile aliyomfundisha yeye, haitajwi. Ameuma ulimi ili usiumbuke mbele ya mtoto wako, akaenda kukoroga maji. Lo! Weka gazeti chini sasa hivi ukamwombe radhi, mengine utayasoma ukirudi.

Umerudi? Haya. Sajenti asinyamazishwe, ng'o. Mpigie, mwombe afike nyumbani Alhamisi, siku moja kabla ya shule. Asubuhi hiyo mkalishe Chiriku jikoni, bibi yake akiwepo, umwambie, “Nilikudanganya kuhusu baba. Niliona aibu, na nilikosea.” Hayo tu, usiyapambe. Atanuna. Mwache anune, mtoto wa mcheshi hanuni siku mbili. Akiuliza kwa nini baba hakuruka na ndege, mwambie alitambaa kwenye matope na hakumwaga. Kuhusu wenzake kumcheka, mwombe Sajenti asimame karibu na hiyo meza ya mwalimu mkuu, tuone nani atathubutu.

Lile parachuti lifumue. Vipande kumi na viwili vinatoa aproni tatu, ya mtoto, ya bibi na yako. Ijumaa apande mezani na aproni yake na upawa mkononi, aseme, “Baba yangu alikuwa mpishi,” na kwa mdomo huo unaousema wewe, wenye kazi watakuwa ni wale wa kumshusha.

Lakini Alhamisi, kabla ya mambo ya shule, pikeni maharage. Bibi ayabandike, Sajenti asimulie, na wewe kaa kitako usikilize. Yakianza kunuka kuungua, asiinuke mtu. Mtoto huyu hajawahi kubebwa na babake wala kuisikia sauti yake, lakini chakula chake anaweza kukila. Mpakulie kwa upawa ule ule, na ule ukoko wa chini mwachie yeye.

Shangazi Peupe